Usaha sikioni: Wazazi, msingoje ukauke wenyewe

Na DAKTARI WETU

WAZAZI wengi mijini humkimbiza mtoto hospitalini usiku wa manane akishikwa na homa au akianza kuendesha. Lakini mtoto huyo huyo anapotokwa na usaha sikioni, huachwa wiki baada ya wiki. Kuna wanaosema ni meno yanaota. Kuna wanaosema ni maji ya kuoga yaliyoingia sikioni. Wengine husema kwamba hata wao walitokwa na usaha utotoni na ukakauka wenyewe.

Mpenzi msomaji, sikio linalotoa usaha si hatua ya ukuaji wa mtoto. Ni ugonjwa. Ukitibiwa mapema, aghalabu huisha bila gharama kubwa. Ukipuuzwa, mtoto anaweza kupoteza uwezo wa kusikia, na katika visa vichache viini hupenya hadi kwenye ubongo na kumuua. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema kuwa karibu asilimia 60 ya visa vya watoto wasiosikia vyema husababishwa na mambo yanayoweza kuzuiwa. Ugonjwa wa sikio ni mojawapo ya mambo hayo.

Wiki hii tutaeleza kinachosababisha ugonjwa huu, dalili zake, matibabu yake, na jinsi ya kuukinga.

SIKIO LILIVYOUNDWA

Sikio lina sehemu tatu. Sehemu ya nje ni ile tunayoiona pamoja na tundu linaloingia ndani hadi kwenye kiwambo, yaani ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngoma. Nyuma ya kiwambo ndiko iliko sehemu ya kati. Hiki ni chumba kidogo chenye hewa, na ndani yake mna vijifupa vitatu vinavyopitisha sauti. Sehemu ya ndani kabisa hugeuza sauti kuwa ujumbe unaopelekwa kwenye ubongo, na pia hutusaidia kusimama wima bila kupepesuka.

Chumba cha kati kimeunganishwa na sehemu ya nyuma ya pua kwa mrija mwembamba. Mrija huu huingiza hewa sikioni na kuondoa majimaji. Ukiteremka kwa gari kutoka Limuru kuelekea Mai Mahiu, masikio huziba, nawe ukimeza mate huzibuka. Ni mrija huo uliofunguka.

Mrija wa mtoto mdogo ni mfupi na umelala zaidi kuliko wa mtu mzima. Kwa sababu hiyo, viini vilivyo puani na kooni husafiri kwa urahisi hadi sikioni. Hii ndiyo sababu ugonjwa wa sikio la kati huwapata sana watoto wa umri wa kati ya miezi sita na miaka miwili.

UGONJWA HUANZIA PUANI

Wazazi wengi hudhani kwamba viini huingia kupitia tundu la sikio. La hasha! Maambukizi mengi ya sikio la kati huanza kwa mafua ya kawaida. Mtoto akiwa na mafua, mrija tuliotaja huvimba na kuziba. Majimaji hukwama katika chumba cha kati, viini huzaana humo, na baada ya muda majimaji hayo hugeuka usaha. Usaha ukijaa husukuma kiwambo, na hapo ndipo maumivu makali hutokea.

Kimoja cha viini hivyo huitwa Streptococcus pneumoniae. Ni kiini hicho hicho ambacho husababisha nimonia na homa ya uti wa mgongo.

Maji ya kuoga basi hayana lawama hapa, kwani kiwambo kizima hakipitishi maji. Meno pia hayana lawama. Ni vile tu kwamba meno huota katika umri ule ule ambao watoto hushikwa na mafua mara kwa mara.

Kuna mambo yanayozidisha hatari ya kuugua. Mtoto anayenyweshwa maziwa kwa chupa akiwa amelala chali huweza kuingiwa na maziwa kwenye mrija. Moshi wa sigara, wa jiko la makaa au wa kuni huchubua pua na koo. Watoto wanaolelewa wengi katika chumba kimoja huambukizana mafua kila mara. Ukambi, utapiamlo na virusi vya HIV pia hupunguza nguvu za mwili za kupambana na viini. Kadhalika, mtoto anayekoroma usiku na kupumulia mdomo huenda ana nyama zilizovimba nyuma ya pua ambazo huziba mrija huo.

DALILI

Mtoto anayejua kuzungumza atakuambia sikio linamuuma. Mtoto mchanga hawezi, hivyo ni lazima umchunguze. Hulia sana, hasa usiku anapolazwa. Hukataa kunyonya kwa sababu kunyonya na kumeza humzidishia maumivu. Huwa na homa, na wakati mwingine hutapika na kuendesha, hivi kwamba mzazi hudhani tatizo liko tumboni. Huenda akavutavuta sikio lake, ingawa kuvuta sikio pekee si thibitisho kwamba anaugua.

Kisha hutokea jambo ambalo huwapotosha wazazi wengi. Baada ya usiku mmoja au miwili ya kilio, kiwambo hupasuka na usaha humwagika. Shinikizo likiisha, maumivu hutulia. Mtoto hulala fofofo na asubuhi huamka akicheza. Mama hufurahi na kudhani amepona, ilhali kiwambo kimetoboka.

Kwa kawaida tundu hilo huwa dogo na hujiziba lenyewe katika muda wa wiki chache, almuradi maambukizi yatibiwe. Lisipojiziba, sikio hubaki wazi, na kila mara mtoto akipata mafua au maji yakiingia, usaha hurejea.

HESABU SIKU

Ndiyo maana nawahimiza wazazi waandike siku usaha ulipoanza kutoka. Usaha ambao haujatimiza siku 14 huhesabiwa kuwa maambukizi mapya. Uliotimiza siku 14 au zaidi ni maambukizi sugu. Tofauti hii si ya vitabuni tu, kwa sababu matibabu ya aina hizi mbili si sawa. Daktari au afisa wa kliniki akikuuliza usaha ulianza lini, jibu lako litamsaidia kuchagua dawa.

MATIBABU YA MAAMBUKIZI MAPYA

Jambo la kwanza ni kupunguza maumivu. Mpe mtoto dawa ya parasetamoli kulingana na uzani wake, na isizidi mara nne kwa siku. Usimpe mtoto aspirini, kwani inaweza kumsababishia madhara mabaya ya ini na ubongo.

Si kila mtoto mwenye maumivu ya sikio anahitaji antibiotiki. Wengi wa watoto waliopita umri wa miaka miwili, ambao hawajazidiwa na hawatoi usaha, hupata nafuu katika muda wa siku tatu kwa dawa ya maumivu pekee. Daktari anaweza kukushauri umchunguze mtoto nyumbani na kumrudisha asipopata nafuu. Hajakupuuza, anafuata utaratibu mwema.

Lakini mtoto aliye chini ya miezi sita, aliye chini ya miaka miwili na masikio yote mawili yameambukizwa, anayetoa usaha, au mwenye homa kali, huhitaji antibiotiki mara moja. Dawa inayotumika sana ni amoksisilini, ambayo ni ya bei nafuu. Mwambie daktari mapema ikiwa mtoto amewahi kudhurika na dawa za jamii ya penisilini.

Maliza dozi uliyopewa, hata kama mtoto amepata nafuu siku ya pili. Wazazi wengi hununua nusu ya dozi kwenye duka la dawa kwa sababu ya uhaba wa pesa, au huhifadhi iliyobaki ili waitumie siku nyingine. Mtindo huu hufanya viini vizoee dawa, na siku mtoto atakapougua sana, dawa hiyo haitamfaa. Dawa za majimaji za kuzibua pua nazo haziponyi sikio.

Ikiwa baada ya siku mbili au tatu za kutumia antibiotiki mtoto bado ana homa na maumivu, mrudishe hospitalini.

USAHA ULIODUMU

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Mzazi hununua antibiotiki za kumeza, zikiisha hununua nyingine kali zaidi, na usaha unaendelea kutoka. Sababu ni kwamba katika maambukizi sugu, dawa ya kumeza haifiki vizuri mahali penye ugonjwa. Isitoshe, viini vinavyopatikana humo aghalabu ni vya aina tofauti na vile vilivyoanzisha ugonjwa.

Tiba inayofaa ni mambo mawili: kukausha sikio, na kisha kutia dawa ya matone yenye antibiotiki, mathalan siprofloksasini, kwa muda wa wiki mbili. Dawa hata iwe nzuri namna gani, haitafanya kazi ikielea juu ya usaha.

Fanya hivi mara tatu kwa siku:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Chukua kipande cha kitambaa safi cha pamba, au karatasi laini ya shashi isiyochanika ikilowa, ukisokote kiwe kama utambi wa taa.

2. Ingiza utambi huo taratibu kwenye tundu la sikio. Usitumie kijiti cha aina yoyote. Uache humo kwa muda wa dakika moja hivi.

3. Utoe ukiwa umelowa, uutupe, uingize mwingine safi. Endelea hivyo hadi utambi utoke mkavu.

4. Mlaze mtoto kwa ubavu, sikio linalougua likiwa juu. Shika chupa ya dawa mkononi kwa dakika chache ipate joto la mwili, kwani dawa baridi huleta kizunguzungu.

5. Tia matone kama ulivyoelekezwa, kisha bonyeza mara kadhaa kile kinyama kidogo kilicho mbele ya tundu ili dawa iingie ndani. Mwache mtoto alale hivyo kwa dakika chache.

Baadaye usizibe sikio kwa pamba, kwani unyevu utabaki ndani. Wakati wa kuoga pekee, weka pamba iliyopakwa Vaseline ili kuzuia maji, na uiondoe mara tu mtoto anapomaliza. Asiogelee hadi daktari atakapoamua kwamba kiwambo kimefunga.

Kazi hii inahitaji uvumilivu. Ikiwa wiki mbili zitapita na usaha bado upo, mtoto aonwe na mtaalamu wa masikio, pua na koo. Tundu lisilojiziba linaweza kuzibwa kwa upasuaji. Usaha wenye uvundo unaorejea mara kwa mara unaweza kuashiria kwamba ngozi imeota mahali pasipofaa ndani ya sikio na inakula mifupa. Hali hiyo haitibiki kwa matone, bali kwa upasuaji.

USITIE VITU HIVI SIKIONI

Watu hutia mambo mengi masikioni: mafuta ya kupikia yaliyopashwa moto, maji ya chumvi, maziwa ya mama, maji ya kitunguu, hata unga wa kapsuli. Hakuna kinachoponya kati ya vitu hivi. Mafuta ya moto huunguza. Maziwa huwa chakula cha viini. Unga huganda na kumzuia daktari kuona ndani.

Jihadhari pia na matone yanayouzwa na wachuuzi kwenye vituo vya magari. Baadhi ya dawa za matone zina kemikali ambazo zikipita kwenye tundu la kiwambo zinaweza kudhuru sikio la ndani, na uziwi wa aina hiyo hauponi.

MAUMIVU YA SIKIO LA NJE

Watu wazima husumbuliwa zaidi na maambukizi ya tundu la nje. Kuna njia rahisi ya kuyatambua. Ukivuta sikio au kubonyeza kinyama kilicho mbele ya tundu na maumivu yazidi, huenda ugonjwa uko nje ya kiwambo. Sikio pia huwasha na kuhisi kama limeziba.

Chanzo ni maji na mikwaruzo. Wale wanaoogelea mara kwa mara, na wakazi wa Pwani ambako kuna joto na unyevunyevu, hupatwa sana. Lakini kisababishi kikubwa ni mikono yetu wenyewe. Watu hujikuna masikio kwa vijiti vya kiberiti, pini za nywele, funguo, vifuniko vya kalamu na vijiti vya pamba. Msomaji, nta ya sikio si uchafu. Mwili huitengeneza ili kunasa vumbi na kuzuia viini, kisha huisukuma nje polepole. Kijiti cha pamba huirudisha ndani na kuchubua ngozi, na viini hupata pa kuingilia. Pangusa tu sehemu ya nje kwa kitambaa.

Matibabu ni kusafishwa kwa sikio na mhudumu wa afya, dawa ya matone, na kulikinga na maji. Ikiwa kuwasha ndiko kunakozidi na kuna ukungu mweupe au mweusi ndani, huenda ni kuvu, nayo huhitaji dawa yake. Matone ya antibiotiki huweza kuizidisha. Mgonjwa wa kisukari anayepatwa na maumivu makali ya sikio yasiyotulia asikawie nyumbani, kwani kwake maambukizi haya huweza kuenea hadi kwenye mfupa.

Kuna jambo jingine kwa watu wazima. Sikio moja likiziba kwa wiki kadhaa bila mafua, hasa ukiwa na uvimbe shingoni au ukitokwa na damu puani, omba upimwe sehemu ya nyuma ya pua. Wakati mwingine hiyo huwa dalili ya saratani, na ikigunduliwa mapema hutibika.

MTOTO ASIYEUMWA LAKINI HASIKII

Si kila ugonjwa wa sikio huleta maumivu. Kuna watoto ambao baada ya mafua hubaki na majimaji mazito nyuma ya kiwambo. Hawana homa wala usaha, lakini husikia kama mtu aliye chini ya maji.

Mvulana mmoja wa Gredi ya 2 aliletwa kwangu na mamake baada ya mwalimu kulalamika kwamba ni mkaidi na hafuati maagizo. Nyumbani alikuwa akichapwa kwa kuongeza sauti ya televisheni. Masikio yake yote mawili yalikuwa yamejaa majimaji. Hakuwa mkaidi, hakuwa akisikia.

Mtoto anayesema "nini?" kila mara, anayechelewa kuzungumza, au anayeshuka masomoni bila sababu apimwe masikio kabla ya kuadhibiwa. Majimaji haya aghalabu huisha yenyewe katika miezi mitatu. Yakizidi hapo, mtaalamu anaweza kuweka kijibomba kidogo kwenye kiwambo ili kuyaondoa. Wakati wa kungojea, mwambie mwalimu amketishe mtoto mbele.

DALILI ZA HATARI

Mkimbize mgonjwa hospitalini siku hiyo hiyo ukiona mojawapo ya mambo haya:

- Uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, au sikio lililosukumwa mbele. Hii ni ishara kwamba viini vimeingia kwenye mfupa.

- Shingo kukakamaa, degedege, kutapika mfululizo, kuumwa sana na kichwa, au kusinzia kupita kiasi.

- Uso kupinda upande mmoja.

- Kizunguzungu kikali, au kutosikia ghafla.

- Homa kwa mtoto aliye chini ya miezi mitatu.

KINGA

Mnyonyeshe mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza. Ikiwa ni lazima anywe kwa chupa, mwinue kichwa. Mwepushe na moshi wa sigara na wa jiko. Mfundishe kunawa mikono, na kupenga kamasi polepole, tundu moja la pua baada ya jingine.

Hakikisha amepata chanjo zote. Tangu 2011, watoto nchini Kenya huchanjwa dhidi ya kiini cha Streptococcus pneumoniae wakiwa na umri wa wiki 6, 10 na 14. Chanjo ya ukambi hutolewa katika miezi 9 na 18. Chanjo hizi hupatikana bila malipo katika vituo vya afya vya serikali, nazo hulinda masikio pamoja na mapafu.

Mwisho, kila unapopeleka mtoto mwenye ugonjwa wa sikio kutibiwa, sikio lake linapaswa kuangaliwa ndani kwa kile chombo kidogo chenye taa. Ukiandikiwa dawa ya matone kabla ya hilo kufanywa, usione haya kuuliza: "Daktari, kiwambo kimetoboka ama ni kizima?" Dawa inayofaa hutegemea jibu la swali hilo.